Kitanda Kilichovuka Mpaka

Bwana Burge hakuuliza hali ya msichana. Alisimama mlangoni kwa akina Pounsett, kofia kichwani, buti zimejaa tope la zizini, akauliza kitanda kimewekwa wapi.

"Kipo kilipokuwa siku zote," Keziah, mama wa msichana, akajibu.

"Upande wetu?"

"Upande wetu."

Burge akaguna. Mwaka ule zamu ya kuwa msimamizi wa maskini wa parokia ya Wethercombe ilikuwa yake, zamu ambayo hakuna mkulima aliyeipenda, maana kila mdomo ulioongezeka kijijini ulilishwa kwa kodi ya wenye mashamba, na shamba kubwa kuliko yote lilikuwa lake. Alichungulia ndani bila kukaribishwa. Nyumba ya akina Pounsett ilikuwa chumba kimoja, na mpaka wa parokia mbili ulipita katikati yake: uliingia kwa mlango wa mbele, ukakatisha jiwe la mekoni lililochongwa msalaba, ukatokea kwa dirisha la nyuma. Kulia kwa msalaba ni Wethercombe, kushoto ni Lanning. Babu wa Reuben Pounsett, mume wa Keziah, ndiye aliyeijenga hapo, kwenye kipande kisicho na mwenyewe kati ya kijito na shimo la chokaa, akiamini kwamba mtu anayekaa kwa wawili hafukuzwi na yeyote. Mzee alikuwa mjanja, ila ujanja wake aliwaachia wajukuu waulipie.

"Mama Tamsin, nisikilize," Burge akasema. "Mimi si mtu mbaya."

"Sijasema u mbaya."

"Mtoto asiye na baba ni wa parokia anayozaliwa. Si sheria yangu, nimeikuta. Kile kitanda ukikisukuma kidogo tu kikavuka msalaba, mtoto anakuwa wa Lanning. Watamlisha wao. Na mtakaa naye hapahapa, hakuna atakayewanyang'anya, mpaka atimize miaka saba."

"Na akitimiza?"

Burge akajikuna shavu. "Akitimiza, hayo ni mambo ya Lanning."

Keziah aliyajua mambo ya Lanning. Majira ya baridi yaliyopita alimwona mtoto wa Hester Vane akipandishwa mkokoteni kupelekwa kwa mfuma nguo asiyemjua, kumtumikia hadi awe mtu mzima, huku mama yake ameshikwa mikono na wanaume wawili. Mtoto hakulia. Alikuwa ameambiwa anakwenda kuona farasi.

"Nitakuletea paja la nguruwe," Burge akasema, sauti ameipunguza. "Lililokaushwa moshini. Zima, sijalikata hata kipande."

"Mjukuu wangu habadilishwi kwa nyama. Kitanda kitakaa kilipo, Bwana Burge. Siku njema."

Akaufunga mlango. Tamsin, aliyekuwa ameketi karibu na moto, tumbo limemfika magotini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani.

"Mama, umemfungia Burge mlango usoni."

"Ni upepo," Keziah akasema, na yeye akacheka, na siku ile walipendana kama zamani.

Tungekuwa na hadithi nzuri kama ingeishia hapo. Lakini kumkatalia mtu mmoja mlangoni ni kazi nyepesi, kazi nzito ni macho ya kijiji kizima, na kwa macho ya watu Keziah Pounsett hakuwa na dawa.

Tamsin alikuwa mtumishi wa nyumba kule mjini. Bwana wake alimwajiri kwa mwaka uliopungua wiki moja, kama wafanyavyo wote, ili asije akapata haki ya kuwa mtu wa parokia ile. Ilipoisha akarudi Wethercombe akiwa na sanduku lake na tumbo lake. Baba wa mtoto hatumtaji hapa kwa kuwa mwenyewe hakujitaja. Reuben, baba yake Tamsin, hakwenda kazini siku mbili, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kukata na kusuka ua wa miti uzungukao mashamba, akazoea. Keziah hakuzoea. Kanisani aliacha kiti chake cha miaka yote, akahamia nyuma ya nguzo. Kisimani alikwenda saa ambazo wanawake wengine wanapika. Tamsin hakutoka nje hata kuota jua. Ukimuuliza Keziah angekwambia anamkinga mwanawe na maneno ya watu, na labda aliamini hivyo, lakini aliyekuwa akikingwa ni yeye mwenyewe.

Siku moja hesabu yake ya saa ilimpotea, akawakuta kisimani watatu, Charity Moger akiwa ndiye mkubwa wa baraza.

"Tamsin hajambo?" Charity akauliza. "Mbona tunamsikia tu, hatumwoni?"

"Ana homa."

"Pole yake. Homa yenyewe ya miezi mingapi?"

Wakaangua kicheko. Na Keziah, ndoo mkononi, akacheka nao. Njia nzima ya kurudi lilimuuma hilo kuliko dhihaka yenyewe, kwamba alicheka. Alipofika nyumbani Tamsin akamwuliza mbona uso umemwiva, akasema ni jua, na lilikuwa giza la mawingu tangu asubuhi.

Ikaja Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana. Siku hiyo kila mwaka Wethercombe nzima huuzunguka mpaka wake kwa miguu, kasisi mbele, watu nyuma na fimbo zilizochunwa maganda, wakichapa kila jiwe na kila mti wa mpakani, na kuwagonga watoto vichwa kidogo kwenye mawe ili wakizeeka wakumbuke. Huanzia kanisani, huteremka na kijito mpaka darajani, hupanda kilima cha chokaa, kisha hushukia nyumba ya akina Pounsett. Hapo hawazunguki. Hupita ndani, waingie mlangoni watoke dirishani, kwa sababu mpaka ulioachwa kupitwa mwaka huu, mwakani jirani atasema ni wake. Na kwa kuwa ni mwendo mrefu, hapo ndipo hupumzika. Mwenye nyumba huwapa mkate, jibini na pombe ya matufaha. Akina Pounsett hawakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Reuben ndiye aliyebeba fimbo ya mbele, kama baba yake, na Keziah kwa siku hiyo moja alikuwa mama mkaribishaji wa kijiji kizima, hadi mke wa kasisi akamsifia mkate wake.

Reuben alitoka alfajiri, fimbo begani.

"Si uwaambie wapite kando?" Keziah alimwuliza. "Kwa mwaka huu tu?"

"Niwaambie kwa nini?"

"Wajua kwa nini."

"Wanajua wote, mke wangu. Hata mbwa wanajua. Tena wiki mbili bado ajifungue. Mkalishe pembeni, mtupie shuka, tutapita."

Wiki mbili hazikuwa zimebaki. Keziah alikuwa anakata mkate Tamsin aliposhika ukingo wa kitanda na maji yakashuka sakafuni. Keziah akatoka mbio njiani, akamkuta binti wa Moger akipitisha bata, akamtuma kwa Bi Dorcas Lugg, mkunga, ng'ambo ya kilima. Akarudi, akamlaza mwanawe, akamfuta jasho. Yote aliyafanya vizuri, kwa mikono iliyotulia.

Kisha akasikia wimbo. Walikuwa wameshafika juu ya kilima, sauti zao zikiteremka na upepo, na ile besi ya Burge ikizipita zote.

Akakiangalia chumba kama watakavyokiona wao. Kitanda kilikuwa upande wa kulia, miguu yake ikitazama mlango. Mtu wa kwanza kuingia angemkuta Tamsin amelala magoti juu, nywele zimemganda usoni. Nyuma yake wangeingia thelathini. Kushoto, nyuma ya bomba la moshi, kulikuwa na pembe walimoweka viazi, imezibwa kwa pazia la gunia.

"Inuka mwanangu. Inuka kidogo tu."

"Mama, siwezi."

"Shika ukuta. Nakisogeza kitanda."

"Kiko sawa hapa kilipo."

"Watakuona."

"Waache wanione. Mama, tafadhali, siwezi kusimama."

"Ni dakika mbili. Uzazi wa kwanza huchukua kutwa nzima. Wakishapita nakurudisha."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyoamini. Kuna watakaouliza aliyasahauje maneno ya Burge, naye alimfukuza kwa maneno hayohayo. Hakuyasahau. Yalikuwepo mahali fulani kichwani mwake, lakini wimbo ulikuwa karibu zaidi. Alikishika kitanda kile cha mwaloni ambacho Reuben alikuwa hakisogezi bila msaidizi, akakiburuta juu ya jiwe la mekoni, juu ya msalaba, mpaka pembeni kwenye viazi. Akamlaza Tamsin, akampa kitambaa cha kuuma, akavuta pazia. Kisha, Mungu amsamehe, akafunga aproni safi.

Wakaingia. Kasisi Ellery alikuwa wa kwanza, anahema, kitabu kifuani. Reuben akaligonga jiwe la mekoni kwa fimbo, mara tatu, na macho yake yakaenda kulia palipokuwa na kitanda, yakakuta sakafu tupu. Akamtazama mkewe. Keziah akatazama jibini.

Kasisi alisoma maneno yake upesi. Watoto wakapitishwa dirishani wakipiga kelele, na laiti wakubwa wangewafuata. Lakini desturi ni desturi, na jua lilikuwa limewachoma. Wakakaa. Waliokosa viti wakaegemea kuta.

"Karibuni," Keziah akasema. Akamimina. Nyuma ya pazia kitanda kililia mara moja, na wote wakasikia, na wote wakajifanya hawakusikia.

"Mkate wako mwaka huu umeshinda wa mwaka jana," mke wa kasisi akasema.

"Asante, mama. Ni ngano tu nzuri."

Alikuwa anaweza kuwaambia watoke. Maneno yenyewe ni machache: mwanangu anazaa, tokeni. Hata Burge angetoka. Kila alipofungua kinywa, likatoka "Niongeze kidogo?" Pazia likatikisika, akasogea akalikinga kwa mgongo wake, gudulia mkononi. Akamsikia mwanawe nyuma yake akivuta pumzi na kuishikilia, akaishikilia, ili asimwaibishe mama yake. Keziah akammiminia Charity Moger kikombe kikafurika.

Ndipo mtoto akalia.

Kikombe cha kasisi kilibaki njiani. Mlio ule mwembamba uliendelea peke yake, bila sauti ya mama wala ya mkunga, na hakuna aliyejua amtazame nani. Mlangoni Bi Dorcas akatokea, sketi imejaa matope, akawapasua wanaume kama anapita katikati ya kondoo, akaingia nyuma ya pazia bila kumsalimu mtu.

Burge alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Alilitazama pazia, akautazama msalaba uliochongwa kwenye jiwe, kisha akavua kofia.

"Mmesikia wote," akasema taratibu. "Kasisi, umesikia. Reuben, wewe ndiye mwenye fimbo ya mbele. Tuonyeshe mpaka uko wapi."

"Unajua uko wapi."

"Najua. Nataka utuonyeshe."

Reuben alisimama. Akaishusha fimbo mpaka ncha ikagusa msalaba. "Hapo," akasema.

"Na mlio umetoka upande gani?"

Kasisi akakohoa, akasema jamani tumpe mama nafasi, mambo haya yana siku yake. Wakatoka mmoja mmoja kwa dirisha, kama mpaka ulivyotaka, wanawake wakikusanya sketi zao. Burge alikuwa wa mwisho. Akiwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, akamgeukia Keziah, na ubaya wake ni kwamba hakuwa anamdhihaki, alishukuru kwa moyo.

"Nilikuomba ukakataa, Mama Tamsin, nami sikukasirika. Leo umefanya mwenyewe bila kuombwa. Neno langu liko palepale."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na pazia lilikuwa gunia tu, Tamsin akasikia kila neno.

Baadaye Bi Dorcas alitoka kunawa mikono. "Wahenga walisema mficha uchi hazai," akamwambia Keziah bila kumtazama. "Wewe ulitaka azae na umfiche. Ni msichana. Mzima. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, mama yake amekitoa peke yake."

Kesho yake paja la nguruwe likaletwa. Keziah akasema lirudishwe. Reuben akalipima kwa mkono, akalitundika darini.

"Tulirudishe, halafu?" akasema. "Mtoto atarudi? Maji yameshamwagika."

"Unanilaumu."

"Silaumu. Fimbo nilishika mimi."

Alasiri akafika Bwana Coker, msimamizi wa maskini wa Lanning. Alikuwa muuza duka mwembamba mwenye mafua, na alikuwa hamtaki mtoto yule kama ambavyo Burge hakumtaka. Alikaa ukingoni mwa kiti akauliza jina la mtoto. Tamsin, aliyekuwa bado kwenye pembe ya viazi kwa sababu Dorcas alikataza asitikiswe, akasema Phoebe.

"Bwana Coker," Keziah akasema, "mtoto huyu ni wa Wethercombe. Kitanda chetu siku zote kiko kulia. Uchungu ulimshikia kulia. Maji yalimwagikia pale, angalia sakafu."

Coker akainua kichwa, uso umemchangamka. "Utaapa hivyo mbele ya hakimu? Kwamba alizaliwa kulia? Mama yangu, ukiapa nitafurahi kuliko wewe."

"Nitaapa."

"Watu thelathini wataapa kinyume. Kasisi atakuwa mmojawapo. Lakini mama mzazi akisema nawe, hakimu anaweza kusikiliza." Akageukia pembeni. "Binti, wasemaje?"

Tamsin alikuwa amemlaza mtoto kifuani.

"Bwana Burge atamleta baba," akasema. "Atamwuliza ile fimbo aliiweka wapi. Baba aape uongo mbele ya hakimu, afungwe? Hapana. Alizaliwa hapa nilipo. Mama alikisogeza kitanda."

"Alikisogeza?" Coker akashangaa kwa dhati. "Kwa nini?"

Reuben alitoka nje. Tamsin akamtazama mama yake, akangoja na yeye kama Coker alivyongoja, na Keziah akaona kwamba mwanawe analijua jibu tangu jana na anataka tu kulisikia.

"Niliona aibu," Keziah akasema.

"Aibu ya nini, mama?" Coker akauliza.

"Ya mwanangu. Nilikuwa sitaki wamwone."

Coker akapenga kamasi, akakunja leso yake. Alikuwa na mabinti watatu nyumbani. "Basi ni wa kwetu," akasema, na akaaga akiwa amesimama upande mmoja wa mlango, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Keziah alibaki katikati ya chumba. Alitaka kupiga magoti, akaogopa kwamba hata hilo lingekuwa la kuonekana tu. Tamsin ndiye aliyesema.

"Tunaye miaka saba."

"Ndiyo."

"Mchukue sasa. Mpeleke njiani, mpaka kanisani na kurudi. Mimi siwezi kutembea, ingekuwa zamu yangu. Usimfunike."

"Sasa hivi? Ni saa ya kisima."

"Najua ni saa gani."

Keziah akampokea mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko mkate. Mkono wake, wenyewe, ukavuta ncha ya shali ukaanza kuishusha juu ya uso mdogo ule. Akaona Tamsin anaangalia mkono, akauondoa. Akatoka.

Njia ya Wethercombe si ndefu. Ina nyumba arobaini, mahali pa kunyweshea farasi, karakana ya mhunzi, kisha kisima, kisha kanisa. Milango ilikuwa wazi kwa sababu ya jua. Alipita ya kwanza, akapita ya pili, masikio yanamwaka moto. Hapakuwa na aliyemtukana. Mhunzi alimwitikia salamu. Kisimani walikuwa watano, na walipomwona wakasogea karibu, kwani mtoto mchanga ni mtoto mchanga.

"Hebu," Charity Moger akasema, akanyoosha shingo. Akamtazama mtoto muda mrefu, na sauti yake ilipotoka haikuwa na mchezo. "Mzuri. Kachukua paji la uso la Reuben."

"Ndiyo."

"Nasikia ataandikwa Lanning. Walifanyaje hata kitanda kikawa upande wao, wale?"

Keziah angeweza kusema ni Burge. Wangeamini wote, na wangemwonea huruma.

"Hawakufanya kitu," akasema. "Nilimvusha mimi, mlipokuwa mnakuja, msimwone mama yake." Akamgeuza mtoto kwenye mwanga ili wamwone vizuri, akasimama pale mpaka kila mmoja alipokwisha kumtazama.